Daktari akikataa kugandisha kofia ya jino na kutaka kipimo upya, hiyo sio njaa ya hela

Mkuu nimesoma swali lako na majibu ya wadau hapo juu nikaona nikuandikie kirefu, maana mimi kazi yangu ni maabara ya meno hapa Dar, kofia kama hiyo ya mama yako (kile kifuniko kinachovalishwa juu ya jino lililochongwa) ndio tunazitengeneza kila siku. Kwa ambaye hajafuatilia, jamaa anasema mama yake katibiwa mzizi wa gego la chini, likachongwa, vipimo, yaani umbo la meno yake, vikachukuliwa kwa ile dawa ya unga inayokorogwa na maji, kofia ilipokuja daktari akaijaribisha akaitoa, kasema haikai vizuri anataka kipimo kingine. Jamaa anahisi anapigwa, na mdau mmoja kamwambia akimbilie kliniki yenye skana (kamera ya kupima meno mdomoni) eti unga umepitwa na wakati.

Huyo daktari mshukuru. Angeweza kuigandisha tu ile kofia na mama angeondoka anatabasamu, shida ingekuja baadaye. Jino lililotibiwa mzizi halina tena neva, kwa hiyo kofia ikiacha uwazi pale inapokutana na jino, mate na bakteria wanapita, simenti inayoishikilia kofia inaliwa taratibu, jino linaoza chini kwa chini na mama hasikii maumivu yoyote mpaka siku kofia inatoka na kipande cha jino ndani yake. Hapo ni kung'oa. Kwenye taaluma wengi wanakubali uwazi usiozidi kama mikroni 120, kipimo kilichotokana na kazi ya watafiti McLean na von Fraunhofer ya mwaka 1971, yaani kama sehemu moja ya nane ya milimita. Jicho la kawaida haliwezi kukwambia hii iko sawa au haiko sawa, daktari anapitisha kile kichuma chake chenye ncha pembeni ya jino akisikiliza kama kinakwama.

Sasa mnataka kujua kofia inakosea wapi. Mara nyingi sana inakosea kabla haijafika kwetu. Ile ya unga ni aljineti, inatokana na mwani (sio huu wanaolima kina mama kule Zanzibar, huu wetu ni mwekundu, ule ni wa kahawia wa bahari za baridi) na sehemu kubwa yake ni maji. Ikikaa hewani inapoteza maji inasinyaa, ukiitumbukiza kwenye maji inayanywa inavimba, kwa hiyo inatakiwa imwagiwe plasta ya kutengeneza modeli, yaani sanamu ya meno, ndani ya dakika chache, ikibidi isubiri basi kidogo tu, ifungwe kwenye kitambaa kibichi ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Sisi tunaletewa mzigo umetoka mkoani kwa basi, umelala njiani, umeviringishiwa tishu kavu, ukiufungua kingo zimekauka zimejikunja na sehemu ya nyuma imeshabanduka kwenye trei, kile kibebeo kinachoingizwa mdomoni na dawa ndani yake. Humo hakuna umbo la jino la mtu tena, na ukipiga simu kusema rudieni unaambiwa mgonjwa keshaondoka, tengenezeni hivyohivyo.

Kingine ni vipovu vya hewa. Kipovu kwenye kipimo kinageuka kichunusi cha plasta kwenye modeli. Kikiwa juu ya meno ya upande wa pili, yale yanayokutana na hilo gego, modeli mbili hazifungi sawasawa, sisi tunajenga kofia kufuata ule uwazi wa uongo, ikifika mdomoni iko juu, mgonjwa anang'ata upande mmoja tu na daktari anaanza kuisaga mpaka inabaki nyembamba. Kikiwa ukingoni kabisa, pale kofia inapokutana na jino, ndio balaa, hatujui jino linaishia wapi, tunakisia. Kwa kofia sisi tunapenda kipimo cha silikoni, dawa inayokaza kama mpira, ile nzito na nyepesi kwa pamoja, ya aina nzuri inakaa siku kadhaa bila kubadilika umbo, ila nayo ina masharti, ukiikanda na glavu za mpira wa kawaida salfa ya kwenye mpira inaizuia kukaza, unakuta inanata kama gundi. Na ile nta ya kung'atisha, anayoing'ata mgonjwa kuonyesha meno ya juu na ya chini yanavyokutana, kwa joto la Dar ikikaa kwenye boksi la bodaboda mchana inalainika na kupinda.

Sasa skana. Naipenda, tena sana, na sio kitu cha jana, mwaka 1985 watafiti Mörmann na Brandestini pale Chuo Kikuu cha Zurich walishalipiga jino kamera na kuchonga kauri kwa mashine palepale mgonjwa akiwa kitini. Uzuri wake daktari anaona kazi yake muda huohuo kwenye skrini, anaikuza, akikuta tundu anarudia kipande hicho tu, na faili inatufikia kwa intaneti hata kama yuko Mbeya, hakuna basi wala nta kupinda. Wale wenye kichefuchefu trei ikigusa nyuma ya ulimi ndio wanapona kabisa.

Lakini skana ni kamera, inaona kile kinachoonekana tu. Ufizi ukiwa umefunika ukingo, au damu na mate vimejaa, inachukua picha ya damu na mate. Silikoni nyepesi angalau inaweza kusukumwa ikaingia chini kidogo ya ufizi, mwanga haupenyi hapo. Tunapokea faili za rangi nzuri za kuvutia halafu ukingo wenyewe umelainika kama sabuni iliyotumika, programu imeziba matundu kwa kukisia na mimi nachora mstari kwa kukisia pia. Halafu ukiskani mdomo mzima kosa linajilimbikiza, kwa sababu mashine inaunganisha vipicha vingi kimoja baada ya kingine, jino moja au mawili iko vizuri sana, ila kwa mtu asiye na meno kabisa, ufizi laini unaocheza, mimi bado nachagua trei.

Kwa hiyo mkuu usihamie kliniki nyingine kwa ajili ya mashine. Muulize daktari kama atasukuma ufizi kwa ule uzi mwembamba kabla ya kupima, kama ufizi wa mama umepona na hautoi damu, na safari hii atatumia silikoni au skani. Ufizi ukiwa bado umevimba ni bora asubiri kidogo apime ukiwa mkavu. Gharama ya kurudia waulize wazi kabla hamjaanza, kwa maoni yangu mama hapaswi kulipia mara mbili kofia ambayo hajaivaa.

Na msiondoke bila kofia ya muda kurudishwa juu ya hilo jino. Likikaa wazi, meno ya jirani yanalalia upande wake na la juu linashuka, ikifika siku ya kuvalisha hata kile kipimo kipya kitakuwa hakilingani na mdomo wake.