Bima siyo itakayokumaliza

Kaka, umeuliza kama gari la Toyota IST la milioni 12 la kwendea kazini tu, Mbezi hadi Posta hapa Dar, litalipa. Bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani. Ukiweka na VAT inafika kama 495,000 kwa mwaka. Bima ndogo, ile inayolipia watu wengine tu, ni 118,000, ila ukijigonga mwenyewe unatengeneza kwa mfuko wako.

Mzigo wenyewe ni mafuta. Kilometa 45 kwenda na kurudi, kwenye foleni ya Kimara lita moja ikikupa kilometa 10, ni karibu lita 100 kwa mwezi! Bado maegesho, bado breki. Zangu zilianza kulia kabla mwaka haujaisha. Mimi ningepanda basi la mwendokasi, gari moja likabaki la familia.