Kupima NO na NO2 juu ya theluji ya Antaktika: je, mashine ya mjini inatosha?

Swali: Mimi ni fundi wa vipimo vya hewa, nimezoea mashine za NOx (jumla ya NO na NO2, yaani oksidi za nitrojeni) za barabarani zenye kigeuzi cha molibdenamu, kinachogeuza NO2 kuwa NO ili ipimike. Nimeingizwa kwenye kikundi kitakachofanya kazi msimu wa kiangazi Dome C, Antaktika, kupima NO na NO2 zinazotoka kwenye theluji. Mashine ya aina hiyo itafaa? Na mirija ya kuvutia hewa niipange vipi?

Jibu: Mashine hiyo haifai, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uwezo wake wa kuona. Mashine ya kawaida ya barabarani huanza kutoa namba za kuaminika karibu na sehemu 0.4 kwa bilioni, yaani sehemu 400 kwa trilioni (pptv). Kwenye uwanda wa juu wa Antaktika NO ya kiangazi huwa makumi hadi mamia ya pptv. Waliopima Ncha ya Kusini mwaka 1998 walikuta mamia, ilhali kwa hewa iliyo mbali vile na miji zilitarajiwa chache tu. Zinatoka kwenye theluji yenyewe: miale ya urujuanimno huvunja nitrati iliyomo, NO2 inatoka, jua linaivunja kuwa NO, na kwa kuwa tabaka la hewa linalochanganyika juu ya theluji ni jembamba, gesi hujikusanya humo.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni hicho kigeuzi. Molibdenamu iliyopashwa hadi nyuzi 320 hivi haigeuzi NO2 peke yake. Inageuza pia asidi ya nitrasi (HONO), PAN (peroksiasetili nitrati), na sehemu ya asidi ya nitriki. Mjini kosa hilo hufunikwa na wingi wa NO2. Juu ya theluji gesi hizo zinakaribiana na NO2 kwa kiasi, kwa hiyo namba utakayoandika kama “NO2” itakuwa mchanganyiko usioweza kuutenganisha baadaye.

Tumia mashine ya utafiti inayohesabu fotoni: NO inakutana na ozoni nyingi katika chumba chenye shinikizo dogo, mwanga mwekundu unaotoka unasomwa na fotomaltiplaya (kitambuzi cha mwanga hafifu) iliyopoozwa, na NO2 inavunjwa kuwa NO kwa taa za LED za nanomita 395. Kwenye urefu huo wa wimbi HONO inavunjika kwa asilimia chache tu. Kuhusu unyeti, chukua mfano wa mashine inayotoa hesabu 5 kwa sekunde kwa kila pptv, yenye hesabu za msingi 1,000 kwa sekunde. Ukikusanya kwa dakika moja, mtikisiko wa kitakwimu ni kama hesabu 4 kwa sekunde, sawa na pptv 0.8. Ukitoa sifuri (usomaji wa mashine pasipo mwanga wa NO) inafika 1.2. NO2, ambayo ni tofauti ya vipimo viwili ikigawanywa kwa ufanisi wa kigeuzi, itakuwa mbaya zaidi ya hapo. Kumbuka namba hii, tutaihitaji.

Hata kigeuzi cha LED kina mtego wake penye baridi. Asidi ya peroksinitriki (HO2NO2) hudumu muda mrefu kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, lakini ikiingia kwenye kontena la mashine lenye joto la nyuzi 20 huanza kuvunjika ndani ya sekunde chache na kutoa NO2. Kwa hiyo fupisha safari ya hewa kutoka ukuta wa kontena hadi kwenye kigeuzi, na usiache taa zikipashe kigeuzi joto. Fanya pia hesabu hii ya kujikagua: kwa ozoni ya sehemu 30 kwa bilioni na kasi ya kuvunjika kwa NO2 kwa jua ya 0.015 kwa sekunde, uwiano wa NO2 kwa NO katika baridi ile unatakiwa uwe karibu na 0.25, na radikali za peroksi (chembe tendaji za hewani ambazo nazo hugeuza NO kuwa NO2) zitaupandisha kiasi. Ukipata 1 mchana kweupe, anza kuishuku mashine kabla ya kushangilia. Dome C uwiano umewahi kutoka juu kuliko kemia inavyotabiri, na HO2NO2 ni mmoja wa washukiwa.

Sasa mirija. Chukua mirija ya PFA (plastiki isiyoshikana na gesi kwa urahisi) ya kipenyo cha ndani milimita 4, mipya, yote ya urefu sawa hata kama mmoja utabidi uuzungushe bila sababu nyingine. Ifunike isipate mwanga, na uipashe joto kidogo tu juu ya joto la nje ili umande wa barafu usijengeke. Ukipitiliza joto unaongeza kasi ya NO kumezwa na ozoni. Kwa mrija wa mita 20, ujazo wa ndani ni sentimita za ujazo 250. Dome C iko mita 3,233 juu ya bahari na shinikizo ni hektopaskali 645 hivi, kwa hiyo ukivuta lita 1 ya kawaida (iliyohesabiwa kwa shinikizo la usawa wa bahari) kwa dakika, hewa huchukua sekunde 9 kupita, na katika nyuzi 20 karibu asilimia 8 ya NO itakuwa imegeuka NO2 njiani. Ukivuta lita 5, muda hushuka chini ya sekunde 2 na hasara huwa asilimia 1.6 au pungufu. Jumla ya NOx haibadiliki, ila uwiano unaharibika. Pampu nayo ichaguliwe kwa hewa nyepesi ya juu huko.

Ili ujue theluji inatoa kiasi gani unahitaji vimo viwili au zaidi pamoja na anemomita ya mawimbi ya sauti (kipima upepo). Waliotangulia Dome C walitumia sentimita 1, mita 1 na mita 4, wakibadilisha kwa vali. Tazama kwa nini kimo cha chini kina thamani. Tuseme mtiririko ni molekuli 8 × 10¹² kwa mita ya mraba kwa sekunde, na kasi ya msuguano ya upepo (kipimo cha jinsi upepo unavyochanganya hewa karibu na theluji) ni mita 0.1 kwa sekunde. Kati ya sentimita 1 na mita 1 tofauti itakuwa karibu pptv 48. Kati ya mita 1 na mita 4 ni 14 tu. Ule mtikisiko wa pptv 1.2 unavumilika kwa zote mbili, lakini upepo ukizidi mara tatu tofauti ya juu inashuka chini ya 5, na hapo NO2 yako haisemi kitu. Ila mdomo ulio sentimita 1 ukivuta lita 5 utanyonya hewa iliyo ndani ya theluji, ambayo ina NOx nyingi zaidi, na mtiririko utaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Punguza uvutaji kwenye mdomo huo, au uupandishe hadi sentimita 10. Na pima kimo chake kwa rula kila siku: dhoruba moja ikileta sentimita 2 za theluji, mdomo umeshazikwa.

Sifuri zipo mbili, usizichanganye. Moja ni ya kitambuzi: ozoni inachanganywa na hewa kwenye chumba cha awali ili mwanga wa NO umalizike kabla ya kufika kwenye fotomaltiplaya. Ya pili ni ya kigeuzi: pitisha hewa iliyosafishwa kwa kaboni amilifu na pamanganeti, taa zikiwa zimewashwa. Kigeuzi kichafu hutoa NO kutoka kwenye kuta zake, na usipoipima utaiita NO2 ya theluji.

Kalibresheni: silinda ya NO ya sehemu 1 kwa milioni ndani ya nitrojeni. Mililita 2 kwa dakika zikiongezwa kwenye lita 1 ya sampuli hutoa sehemu 2 kwa bilioni. Jaza na kuvuta tupu rigulata (kidhibiti shinikizo cha silinda) mara kadhaa kabla ya kuanza, maana oksijeni iliyobaki humo hula NO na utadhani unyeti umeshuka. Ufanisi wa kigeuzi upate kwa kugeuza sehemu kubwa ya NO hiyo kuwa NO2 kwa ozoni, si kwa silinda ya NO2.

Mwisho, moshi. Jenereta za kituo, ndege na pikipiki za theluji hutoa NO nyingi maelfu ya mara kuliko theluji. Weka mashine upande unakotoka upepo, tupa data zote za upepo unaopita kituoni na za hewa iliyotulia, na hifadhi data za kila sekunde: moshi huonekana kama miiba mikali ambayo wastani wa dakika 10 huificha. HONO ni kazi ya kifaa kingine kabisa; usiikadirie kutokana na hiki.