Swali la lugha: Ukurasa hutafsiriwa, hubadilishwa au hugeuzwa?

SWALI: Naandaa mwongozo kwa vijana wa ofisi yetu hapa Kirumba, Mwanza, wanaochukua kurasa za HTML (alama zinazounda kurasa za wavuti) na kuzifanya za Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache kama # na *) kwa programu ya Pandoc. Mmoja ameandika "kutafsiri ukurasa", mwingine "kubadilisha ukurasa kwenda Markdown". Nani yuko sahihi?

JIBU: Kutafsiri kuondoeni. Anayetafsiri huhamisha maana toka lugha moja hadi nyingine. Hapa "bei ya sato" inabaki "bei ya sato". Kinachobadilika ni alama. Kichwa kilichokuwa ndani ya <h2>, alama ya HTML ya kichwa kidogo, kinapata reli mbili (##) mbele yake (reli ileile mnayomalizia nayo mkiangalia salio), na maneno yaliyokolezwa wino yanawekewa nyota mbili huku, mbili kule.

"Kubadilisha ukurasa", kukiachwa hivyo, kunapotosha. Aliyebadilisha shati amelivua la kwanza akavaa jingine. Msomaji atadhani ukurasa umeondolewa ukawekwa mwingine. "Kugeuza" nako peke yake hakutoshi, maana dagaa akigeuzwa kwenye kichanja ni dagaa yuleyule, upande tu. Kinachokamilisha maana ni "kuwa": kugeuza ukurasa kuwa Markdown. Mkitoa amri, upatanisho ufuate nomino: geuza ukurasa uwe Markdown, geuza kurasa ziwe Markdown. "Kurasa iwe" nimeikuta mara nyingi mno.

Na "kwenda"? Meli ndiyo inayokwenda Bukoba. Ukurasa hauendi popote.

Kwa kuwa kurasa zenu ni za Kiswahili, angalieni pia ritifaa, yaani alama hii: '. Mkiandika -t markdown (yaani "toa Markdown") kwenye amri ya Pandoc, ng'ombe atatoka hivi: ng\'ombe. Sababu ni kwamba katika mtindo huo Pandoc huhesabu ritifaa iliyonyooka (') kuwa ya kupindwa (’), basi huitilia mkwaju wa nyuma (\) ili isipindwe. Majina ya Kisukuma yenye ng'w ndiyo yatakayoumia zaidi. Amri iwe hivi:

pandoc -f html -t markdown-smart ukurasa.html -o ukurasa.md

Hiyo -smart, pamoja na kistari chake, inazima tabia hiyo. Kama faili mlishazitengeneza, msihangaike kufuta mkwaju mmoja mmoja. Rudieni kuzigeuza kutoka HTML ya awali.