Kabla hujalaumu mashine, angalia karatasi yako

Mimi natumia Cricut Explore, mashine ya kukata karatasi kwa dizaini za kompyuta, hapa Kampala, huu ni mwaka wa nne, nakata kadi za harusi na za kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa familia ya bibi harusi), mapambo ya keki, maua ya karatasi. Kila mtu akinunua hizi mashine swali la kwanza ni dizaini zinapatikana wapi. Jamani dizaini zitakuja tu, anza na karatasi.

Mwaka wa kwanza nilichukua oda ya kadi 150 za kwanjula, majina ya wenyewe yakatwe kwa ule mwandiko mwembamba wa kulala. Ilikuwa Aprili, mvua kila jioni, na karatasi nilikuwa nimeziacha chini karibu na dirisha. Nikaanza kukata, bledi inavuta karatasi badala ya kuikata, nyuzinyuzi zinabaki kwenye zile kona za ndani za a na e. Nikaongeza presha, ikachanika zaidi, nikabadilisha bledi, bado. Kesho yake ssenga, yaani shangazi, wa bibi harusi akapita kuona kazi, akainua kadi moja kwenye mwanga akaniuliza, "Mwanangu, hizi herufi mbona zina ndevu?" Nilitamani kulia. Nikapanda boda mpaka Nasser Road, mtaa wa wachapaji, nikanunua pakiti mpya ambayo haijafunguliwa, nikakata usiku huohuo kwa bledi ileile na setingi za mwanzo, zikatoka safi kabisa.

Ni unyevu tu. Karatasi inanyonya maji ya hewani inalegea, bledi inakosa kitu kigumu cha kukata. Sasa zangu zinalala ndani ya boksi la plastiki lenye kifuniko, na msimu wa mvua natoa zile za kazi ya siku hiyo peke yake.

Na ukienda kununua usiseme tu manila, uliza gramu ngapi, yaani uzito wa karatasi kwa mita moja ya mraba. Kwa kadi mimi napenda 200 mpaka 250. Chana kipande kidogo uangalie: nyuzi zikitoka ndefu ndefu kama pamba hiyo itakusumbua kwenye herufi ndogo, na kama ndani ni nyeupe wakati juu ina rangi, ukiikunja mstari mweupe utaonekana.

Ukibadilisha karatasi, hata kama ni rangi tu imebadilika, kata kwanza kaduara kadogo pembeni. Usitoe mati (ule mkeka wa kunata unaobeba karatasi) kwenye mashine! Inua ukingo kwa ncha ya sindano, kama haijakatika vizuri bonyeza tena ikate palepale, ukishatoa mati huwezi kuirudisha sehemu ileile. Majina ya kuunganika hakikisha umeziunganisha herufi kwenye programu ziwe umbo moja, la sivyo kila herufi inakatwa peke yake na pale zinapogusana panakatika.

Mati ya kijani ni ya karatasi ngumu, ya bluu ni ya nyepesi. Ya kijani ikiwa mpya inashika mno, ibandike kwenye tisheti safi mara mbili tatu ipungue nguvu. Kutoa kazi ndiyo watu wengi wanaharibu, wanavuta kadi inajikunja kama ganda la ndizi. Geuza mati iangalie chini kwa meza, halafu kunja mati yenyewe uiondoe polepole, kadi ibaki imelala. Mati ikichoka ioshe na maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, iache ikauke yenyewe. Bledi nayo, ichome mara nyingi kwenye kibonge cha foili ya jikoni, vumbi la karatasi linatoka.

Halafu umeme. Ukikatika katikati mashine haikumbuki ilifika wapi, kwa hiyo mimi sijazi mati, naweka kadi mbili tu, nikipoteza napoteza mbili. Programu ya Cricut kwenye kompyuta inategemea intaneti kwa mambo mengi, bila intaneti unafungua tu kazi ulizozihifadhi kwenye kompyuta mapema, ile ya Silhouette, kampuni nyingine ya mashine kama hizi, inafanya kazi bila intaneti, kama mtandao kwenu ni wa shida fikiria hilo kabla ya kununua. Na kama ndugu amekuletea mashine kutoka Marekani, soma adapta kwanza, iwe imeandikwa 100-240V, umeme wetu ni 240, ikiwa ni 120 peke yake usiichomeke.