Maswali yenu: ukaguzi wa usalama wa kompyuta kwa biashara ndogo na za kati

Nina duka la vipuri vya magari Kariakoo, kompyuta nne. Kampuni moja imeniletea bei ya ukaguzi, nimeshtuka. Kweli duka kama langu linahitaji?

Linahitaji ukaguzi, ila huenda si huo. Kabla hujalipa, chukua daftari uorodheshe kila kompyuta, kila simu yenye laini ya biashara, ruta (kile kifaa kinachogawa intaneti), programu ya mauzo, barua pepe na namba zote za kupokelea malipo. Mbele ya kila kimoja andika nani analijua neno lake la siri. Hapo ndipo biashara nyingi hapa Dar es Salaam hukwama. Barua pepe ilifunguliwa na kijana aliyeshaacha kazi, ruta ina neno la siri lilelile lililokuja nalo, na makeshia wote wanaingia kwenye programu kwa jina moja, kwa hiyo mauzo yakifutwa hajulikani nani kayafuta. Hayo unaweza kuyarekebisha wiki hii bila kumlipa mtu.

Mkaguzi aje baada ya hapo, akupe bei ya kompyuta nne, si ya benki. Kwenye ripoti yake kila kasoro iwe na ushahidi, uzito wake na namna ya kuirekebisha. Akikuletea mamia ya kurasa zilizotemwa na programu bila maelezo yake mwenyewe, mrudishie.

Fundi aliyetufungia mtandao wa ofisi anasema atatukagua yeye kwa nusu bei. Tumkubalie? (Mikocheni)

Hapana, hata kama ni mwaminifu. Mtu haoni vizuri kasoro za kazi yake mwenyewe. Fundi awepo siku ya ukaguzi, ajibu maswali, kisha yeye ndiye arekebishe. Mkaguzi wa nje mwandikieni mkataba unaotaja mifumo atakayoigusa, siku na saa, na nini kitafanyika kwa taarifa atakazoziona. Ruhusa hiyo ya maandishi inamlinda na yeye, maana kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015.

Msambazaji wetu alituandikia kwamba akaunti yake ya benki imebadilika, tukalipa huko. Kumbe si yeye, ingawa barua pepe ilitoka kwenye anwani yake halisi. Ukaguzi ungetuokoa?

Poleni sana. Kama bado hamjaenda benki na polisi, nendeni sasa hivi, kabla fedha hazijatolewa huko zilikoingia.

Kilichotokea, kwa dalili hizo, ni kwamba mtu aliingia kwenye barua pepe ya msambazaji, akasoma mazungumzo yenu kimyakimya na kusubiri ankara. Programu ya kuzuia virusi haioni kitu hapo, kwa sababu barua haina kirusi. Wezi hawa hupenda kuacha maelekezo ndani ya akaunti kwamba kila barua inayoingia itumwe kwao pia. Ukibadilisha neno la siri tu, maelekezo yanabaki. Mkaguzi mzuri huyatafuta, huangalia ni vifaa gani vimeingia kwenye akaunti, na kama uthibitisho wa hatua mbili (neno la siri pamoja na hakikisho la pili, mfano namba inayokuja kwenye simu) umewashwa.

Halafu, na hili naliona kubwa kuliko yote, anauliza fedha zinatokaje ofisini. Nani anaandaa malipo, nani anaidhinisha? Akaunti ikibadilika, kuna anayempigia msambazaji kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua? Simu hiyo moja ingewaokoa. Mkaguzi asiyegusa malipo kaiacha nusu ya kazi.

Zahanati yetu Mbagala inahifadhi nakala za mafaili ya wagonjwa kwenye diski ya nje. Inatosha?

Diski inakaa wapi? Kama imechomekwa kwenye kompyuta muda wote, virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia vitaifunga nayo. Virusi vya aina hiyo, WannaCry, vilivuruga hospitali za Uingereza Mei 2017, wagonjwa wakaahirishiwa matibabu. Tundu la Windows vililopitia lilikuwa na sasisho la kuliziba tangu Machi mwaka uleule, ila kompyuta nyingi hazikuwa zimesasishwa. Wekeni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe nje ya jengo. Kisha jaribuni kurudisha mafaili kutoka kwenye nakala. Mkaguzi atawaomba mfanye hivyo mbele yake, na wengi hugundua siku hiyo kwamba nakala haifunguki.

Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Diski ifungwe kwa neno la siri, na zahanati ijisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama bado.

Bado tunatumia Windows 10. Kuna shida?

Ipo. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho 14 Oktoba 2025. Hamieni Windows 11, na kompyuta isiyoweza kuipokea isishike hesabu wala taarifa za wateja. Windows ya kuvunjwa, yaani isiyo na leseni halali, msiiweke kabisa.

Mkaguzi anataka tumtumie maneno yetu yote ya siri kwa WhatsApp. Tumpe?

Msimpe. Mfungulieni akaunti yake ya muda, isiyoweza kubadilisha chochote inapowezekana, na ifungwe siku anayomaliza. Namba ya siri ya laini ya uwakala haina kazi yoyote kwenye ukaguzi. Akiiomba hiyo, vunjeni mkataba.