Tanga la jahazi la mfano: tatizo ni unene

Jahazi la mfano likiwa limechongwa vizuri lakini halivutii, tazama tanga kwanza. Kwenye skeli ya 1:50, kitambaa cha nusu milimita ni sawa na turubai lenye unene wa sentimita 2.5. Ndiyo maana merikani, ingawa matanga halisi ya pwani yalishonwa kwayo kwa miaka mingi, haifai hapa.

Tafuta pamba nyepesi iliyokwisha kufuliwa sana. Kwa mkazi wa Moshi, leso ya kiume au shati jepesi kutoka mitumba ya Memorial linatosha, na wanga wake ulishatoka zamani. Choma uzi mmoja: pamba huacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikawa tone gumu, na haishiki rangi ya chai. Kitambaa kipya kichemshe kwanza na sabuni, la sivyo rangi itaingia kwa mabaka.

Rangi: vijiko vinne vya majani ya chai kwa lita moja ya maji, chemsha, chuja, kisha tumbukiza kitambaa kikiwa kimelowa tayari. Chai huleta wekundu kidogo. Kahawa huleta kahawia iliyofifia, nami naipenda zaidi kwa jahazi la kazi. Kitoe kikiwa kimekolea kuliko unavyotaka, maana kikikauka hupauka.

Kiolezo cha karatasi pimia kwenye jahazi lenyewe, foromali (mti mrefu unaobeba tanga) ikiwa juu. Hapa usikosee: ukingo wa nyuma wa tanga ufuate uzi wa kitambaa. Ukingo huo hauna mti wa kuushika, na ukikatwa mshazari utavutika na kujikunja. Wa mbele unaweza kuwa mshazari, kwa kuwa foromali inaushikilia. Chora kiolezo kwenye kitambaa, paka gundi nyeupe ya mbao kwenye mstari huo, ikauke, ndipo ukate kwa wembe mpya. Usikunje pindo, linaongeza unene maradufu.

Mishono ichore, usiishone. Mshono wa milimita 2 ungekuwa wa sentimita 10 kwenye jahazi halisi! Tumia penseli ngumu, mistari ikienda sambamba na ukingo wa nyuma, kila milimita 18, yaani kitambaa cha upana wa sentimita 90. Irudie upande wa pili pale pale, kwa sababu mwanga hupenya. Kamba ya ukingoni ni uzi wa pamba wa nusu milimita, ubandikwe bila kuvutwa. Ukivutwa, tanga linakusanya mikunjo.

Ili tanga lijae upepo, lifunge kwenye foromali, shikiza kona zake, lipake gundi sehemu moja kwa maji sehemu nne, kisha pulizia draya ya nywele kutoka nyuma. Gundi ikizidi, kitambaa hung'aa kama nailoni. Kwenye baridi ya Juni na Julai liache likauke usiku kucha. Demani, yaani kamba ya kona ya nyuma ya tanga, funga mwisho, ikaze, na bendera ielekee upande ule ule upepo unakokwenda.