Jiwe Nyuma ya Tairi: Kwa Mnaoanza Uzamili wa Kuandika Filamu

Wadogo zangu mnaoniuliza habari za uzamili wa kuandika filamu na tamthilia, nianze na saa ya ukutani. Nilisoma kwa mtandao, nikiwa mwalimu wa sekondari hapa Iringa na chuo kikiwa Uingereza. Darasa la kusomeana kazi lilikuwa saa 12 jioni ya kwao, saa 3 usiku ya kwetu. Nikazoea. Nasahihisha madaftari, nakula, nafunga mlango, naingia darasani. Jumatatu moja mwishoni mwa Machi nikaingia saa 3 kamili na kikombe changu cha chai, nikakuta wenzangu wanaagana. Kazi iliyojadiliwa usiku ule ilikuwa yangu.

Waingereza husogeza saa zao mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, wakazirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatugusi kitu. Kwa hiyo tofauti ya saa 3 hugeuka kuwa saa 2 kwa miezi saba. Andikeni hivyo kwenye kalenda leo, kabla hata ya kununua bando. Na usiku wa darasa simu iwe imejaa chaji, maana umeme wa Kihesa hauna habari na ratiba ya chuo chako.

Jambo la pili ni kwamba uzamili huu hautakufundisha kuandika sana. Utakufundisha kuandika upya. Mimi niliingia na stori tano kichwani nikidhani nitatoka na filamu tano. Nilitoka na skripti moja ya kurasa 96, iliyoandikwa mara saba, na insha ndefu ya kueleza kwa nini niliandika nilivyoandika. Insha hiyo wengi huidharau kwa sababu si sinema, wakaja kuikimbiza wiki mbili za mwisho. Wekeni daftari tangu mwanzo: nimekata nini, kwa nini, nani alisema nini. Insha yangu nzima ilitoka kwenye daftari la shilingi elfu moja.

Sasa Mkwawa, mtemi wetu wa Wahehe. Kila anayetoka Iringa huanza na Mkwawa, na mimi sikuwa tofauti. Niliwasilisha mpango wangu kwa kifua mbele: Lugalo 1891, Wajerumani wanapigwa, 1894 ngome ya Kalenga inaanguka, miaka ya msituni, 1898 anajipiga risasi asikamatwe, 1954 fuvu linarudishwa nyumbani. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: kamera iko wapi? Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka 63 ya historia na sina hata chumba kimoja ambamo mtu amekaa anataka kitu na mwingine anamnyima. Bado sijataja majeshi, mavazi, farasi na mizinga, ambavyo hakuna prodyuza wa Bongo ninayemjua angevilipia.

Siwakatazi Mkwawa. Ila kama ni lazima, chukueni siku moja. Chukueni 1954, siku fuvu linarudi, na mzee wa miaka 68 ambaye alikuwa mtoto wa miaka minane ngome ilipoanguka. Anatembea kwenda Kalenga. Anakumbuka kitu ambacho wenzake hawataki kisemwe. Hapo kuna filamu. Wazo hilo nawapa bure, tena sitamfuata mtu: hakimiliki hailindi wazo, inalinda ulichokiandika. Ndiyo maana ukienda kumsimulia prodyuza stori yako mezani, huku skripti haijaandikwa, usije kulia baadaye ukiona kitu kinachofanana nayo kwenye runinga. Mimi nimeshalia, najua ladha yake.

Nikaachana na majeshi, nikaandika basi. Mjane anatoka Dar kurudi Kilolo na sanduku la nguo za marehemu mumewe, shemeji yake amekaa kiti cha nyuma, basi linaharibika Mlima Kitonga usiku. Basta. Watu wawili, sanduku moja, mlima.

Hapa ndipo Kiswahili kilipoanza kunionyesha mambo ambayo vitabu vya darasani havikuyagusa, kwa kuwa viliandikwa na watu wenye lugha nyingine. La kwanza ni ile “ka”. Sisi tumelelewa na hadithi: akaingia, akakaa, akavua kofia. Mkono unaandika hivyo wenyewe. Lakini skripti haisimulii kilichopita, inasema kinachoonekana sasa hivi: anaingia, anakaa, anavua kofia. Rasimu yangu ya kwanza ilijaa “ka” kama mchele wenye mawe, na kila palipokuwa na “ka” palikuwa pia na mambo yasiyopigika picha: akakumbuka miaka ya ndoa, akajuta. Kamera inamwonaje mtu akijuta? Nikilazimika kuandika “ana”, nalazimika kutafuta anachofanya. Mjane wangu badala ya kujuta akafungua sanduku, akanusa kola ya shati, akalifunga haraka shemeji alipogeuka. (Unaona? Mimi mwenyewe nikikusimulia narudia “ka”. Kwenye skripti usithubutu.)

La pili, lugha yetu haitenganishi mwanamke na mwanaume kwenye kitenzi. “Anamwangalia, anamnyang'anya, anampiga kofi.” Nani kampiga nani? Wewe unajua kwa sababu umeiota. Dairekta hajui, na mwigizaji aliyeshika karatasi kwenye baridi ya Juni hajui kabisa. Rudieni majina hata kama sikio linaona karaha.

La tatu ni salamu, na hapa nilibishana na mwalimu wangu muhula mzima. Kanuni yao inasema ingia kwenye sini, yaani tukio moja la filamu, ikiwa imeshaanza, toka kabla haijaisha, kata habari za asubuhi. Kanuni nzuri, na skripti zetu nyingi zinaihitaji: dakika mbili za “karibu, asante, habari za huko, nzuri, watoto” na hakuna kilichotokea. Lakini kwetu salamu yenyewe inaweza kuwa ugomvi. Kama umekulia huku nyanda za juu unajua uzito wa “kamwene” isiyojibiwa. Mjane anamwambia shemeji mkubwa “shikamoo”, shemeji anaangalia dirishani. Nusu ukurasa, na tayari tumejua nani anataka nyumba ya Kilolo. Mwalimu alipenda sini hiyo baada ya kumweleza kwamba marahaba ni deni. Nikajifunza kukata salamu zote isipokuwa ile yenye deni.

Methali, hizo kateni tu. Watu wangu wote rasimu ya kwanza walisema kwa methali, hata konda. Ilikuwa mchezo wa redio.

Kwa upande wa umbo sitachukua muda mrefu, mtafundishwa. Maandishi ya Courier ukubwa wa 12, kichwa cha sini kinachotaja ndani au nje, mahali, na mchana au usiku. Ukurasa mmoja huhesabiwa kama dakika moja, ndiyo maana filamu ndefu huwa kati ya kurasa 90 na 120. Programu nyingi zinatambua vichwa vya sini kwa vifupisho vya Kiingereza. Ukiandika NDANI au NJE, itabidi uiambie mwenyewe kuwa hicho ni kichwa. Msinunue programu ya bei mwezi wa kwanza, Trelby ni ya bure na inatosha. Na ile dakika kwa ukurasa ipimeni wenyewe kwa sauti na saa ya simu. Majibizano yangu ya kurasa nne yalisomwa kwa dakika tatu na ushee, kumbe mstari mmoja, “Basi linapanda Kitonga,” unakula muda wote dairekta atakaoupenda.

Kuna wenzetu wa mjini watakaokucheka: skripti ya nini, sisi tunapigia mdomoni. Ni kweli filamu nyingi za Bongo zimepigwa hivyo, mwigizaji anaelezwa stori pale pale lokesheni na mwingine anaongeza yake. Baadhi zina uhai ambao skripti yangu ya kurasa 96 haina, siwezi kudanganya. Lakini sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976 inamtaka mtu aombe kibali kabla ya kupiga, na maombi yaende na maelezo ya sini pamoja na maneno yatakayosemwa. Kwa hiyo hata anayepigia mdomoni kuna siku atatafuta mtu wa kumwandikia. Mmoja alinitafuta mimi. Ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kulipwa, na nilimaliza kwa siku nne kwa sababu stori alikuwa nayo, alichokosa ni mtu wa kumuuliza kamera iko wapi.

Nimalizie na usomaji. Wenzako wa darasani watakuambia mengi ya maana kuhusu muundo, lakini hawajui basi la usiku. Baada ya rasimu ya nne nilikusanya watu sebuleni kwangu: jirani anayeuza vitumbua Mlandege, mwalimu mwenzangu wa hesabu, na kijana aliyekuwa konda wa njia ya Dar miaka mingi. Chai ya tangawizi, karatasi mkononi, kila mtu nafasi yake. Mama vitumbua alisoma mjane mpaka kwenye ukurasa wa 40 akasimama, akasema mwanamke huyu anaongea mno kwa mtu aliyefiwa. Kurasa 11 zikaondoka usiku ule.

Konda alisoma sehemu yake bila kusema neno. Tulipomaliza akauliza, gari limezima Kitonga na hapa umeandika abiria wanashuka wanapiga stori, jiwe liko wapi? Jiwe gani, nikamuuliza. Akanitazama kama mwanafunzi aliyekuja shule bila kalamu. Gari likizima mlimani, kabla ya neno lolote mtu anaruka chini na kutia jiwe nyuma ya tairi. Wengine wote wakaitikia, hata mwalimu wa hesabu. Mimi peke yangu ndiye sikuwa nimeliandika, na nimepanda Kitonga maisha yangu yote.

Rasimu ya tano, utingo anatafuta jiwe gizani na haoni. Shemeji amebaki ndani. Mjane anashuka, anaacha sanduku barabarani, anarudi na jiwe amelikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

NJE. MLIMA KITONGA. USIKU. Hasemi kitu.